Bulu za Nazi za Siku ya Kuganduka

Jumatatu, 4 Agosti

Shule zimefungwa, na mimi mwalimu nimeshinda nyumbani nikimsumbua mke wangu. Nimetengeneza bomba la jikoni. Sasa linavuja pande mbili.

Saa kumi dada yangu Imakulata akapiga simu kutoka Kibenga, mtaa wa wenye pesa. Mwaka wa msiba wa mama umetimia. Kuganduka, siku ya kuvua nguo nyeusi, kutafanyika kwake, tarehe kumi na sita. Sawa. Ana uwanja, ana viti, ana geti linalojifungua lenyewe. Keki ameagiza, ya ghorofa tatu. Nikauliza: na bulu za nazi, vile vitufe vya mama? Akasema: "Apana, kaka. Siku ya mama tuweke vitu vya kufinyanga na mikono? Watu watatucheka."

Nimekasirika mpaka chai imenishinda. Watu gani hao? Wote walikula bulu hizo. Mama alitengeneza bulu za nazi kwa kila sherehe ya nyumba hii ya Ngagara: ubatizo, ndoa, mitihani, hata mwaka niliofeli. Biskuti za kutwanga, kakao, maziwa ya unga, sukari, margarini, nazi. Hakuna moto wala oveni. Kartie nzima, mtaa wote, ilitujua kwa bulu zile. Tumvulie msiba bila hata moja?

Jumanne, 5 Agosti

Nitazitengeneza mwenyewe.

Nimemwambia mke wangu. Amecheka mpaka akakaa chini. "Papa Nadine, we hata chai unaunguza!" Uongo. Ilikuwa mara moja. Mbili.

Nazi nimezipata kwa mama mmoja anayezivusha mpakani Gatumba kutoka Uvira. Bado nina hasira. Nimempigia Imakulata nimwambie. Hakupokea. Hasira zaidi.

Jumatano, 6 Agosti

Mbuzi ya mama ya kukunia nazi imetengenezwa kwa mtu asiye na kitambi. Nimekaa juu yake nusu saa, meno ya chuma mbele, magoti masikioni. Vidole viwili vimechunika. Nazi ya leo ina damu kidogo. Mke wangu asijue.

Sufuriani mambo yalikuwa mazuri. Harufu ileile ya zamani. Nilipoanza kuviringa, kila kitu kikageuka tope. Nikaongeza biskuti. Tope lenye mchanga. Umeme hakuna tangu asubuhi, friji ni kabati tu. Bulu zangu zimelala kwenye sinia zimetandazika kama mavi ya ng'ombe.

Nina hasira na umeme. Na margarini. Na Imakulata na keki yake. Na mama pia, kidogo, kwa kufa bila kuandika chochote.

Ijumaa, 8 Agosti

Mara ya pili. Umeme ulikuwepo. Bado zimeyeyuka mkononi kabla hazijafika frijini. Na nazi imechacha, maana nimesahau kwamba mama aliianika juani kwanza, chini ya kipande cha chandarua.

Binti yangu Nadine ameonja moja. Ameniuliza kwa upole kama ni dawa. Nimewafukuza wote jikoni.

Jumapili, 10 Agosti

Baada ya misa nimemlalamikia jirani yetu mzee, Mama Jozefina. Amenitazama kama mtu anayetazama mbuzi akisoma gazeti. "Lakini we hukuviringa hata siku moja. Mama yako alikukataza. Alisema mikono yako ni jiko."

Nimerudi nyumbani. Ni kweli. Mimi nilikuwa mtu wa kinu. Natwanga biskuti, nalamba mchi, natoka kucheza mpira. Aliyeviringa ni Imakulata. Mikono yake ilikuwa baridi daima; tulimwita Chura. Anaichovya kwenye beseni la maji ya mtungi, anaviringa, anachovya tena. Bulu zinatoka ngumu, zinang'aa.

Miaka thelathini nawaambia watoto wangu kwamba mimi ndiye niliyezitengeneza.

Aibu. Na hasira zaidi, kwa sababu sasa namhitaji.

Jumatano, 13 Agosti

Kibenga. Nimebeba kila kitu kwenye beseni: biskuti zilizotwangwa, kakao, nazi niliyoianika vizuri safari hii. Mafuta hakuna mjini, kupata basi ni bahati. Nimepanga foleni tangu saa moja, nimefika saa tano. Njia nzima nimepanga hotuba. Nimeitoa yote getini, mbele ya zamu, mlinzi wake: kwamba anamwonea mama aibu, kwamba Kibenga imemlewesha, kwamba keki yake ya ghorofa tatu aihamie.

Hakujibu kwa ukali. Ningependa angejibu kwa ukali. Alisema wiki ile ya mwisho, mama akiwa kwake, alikuwa anaomba bulu kila asubuhi. Daktari alikuwa amekataza sukari. "Nilimukatalia, kaka. Hata moja. Na nazi ilikuwa kwa friji." Wiki haikuisha, mama akafa. Tangu hapo hajagusa nazi.

Nilikuwa na hotuba ya pili. Nimeimeza. Akachukua beseni, akaniambia niende. Sijui atalitupa au vipi.

Hasira haijaisha. Mwaka mzima hakuniambia. Na mimi je? Wiki ileile nilienda kumwona mama. Aliniomba mimi pia. Nikasema kesho nitakuletea. Sikurudi. Nilikuwa nasahihisha mitihani ya taifa, kazi ya likizo.

Hilo sijamwambia mtu. Nimeliandika hapa, basi.

Ijumaa, 15 Agosti

Siku ya Bikira Maria, hakuna kazi. Saa mbili simu, Imakulata. "Kuja na kinu." Akakata.

Nimesafiri na kinu mapajani. Abiria wamenitania kuanzia Ngagara mpaka sokoni.

Imakulata alikuwa na beseni la maji, mikono imeloa mpaka viwiko. Biskuti hazikutosha, nikatwanga nyingine. Kidogo kidogo sinia likajaa. Nilijaribu kuviringa moja kwa siri. Akanipiga mwiko. "Toa mikono, we jiko!"

Nikamwambia habari ya ile "kesho nitakuletea" yangu kwa mama. Nimeisema nikitazama kinu.

Aliacha kuviringa. Alichovya mikono majini, akaikalisha humo muda mrefu. Kisha akaendelea. Mimi nikatwanga.

Jumamosi, 16 Agosti

Tumeganduka. Imakulata amevaa njano. Nilikuwa nimesahau kwamba njano inampendeza.

Keki ilikuwa katikati ya meza. Sinia la bati la mama lilikuwa pembeni. Kila bulu ameivalisha kikombe kidogo cha karatasi, kama vidonge hospitalini. Imeniudhi.

Watu hawakucheka. Mama Jozefina alificha nne kwenye pochi. Mjomba mmoja akauliza nani kazitengeneza. Imakulata akasema: "Kaka alitwanga."

Keki imebaki ghorofa moja. Sinia limerudi tupu, nimeliosha mwenyewe.

Kinu nimekiacha Kibenga.