Gari Lako Linapita Kondoa

Kaka Hamisi,

Sijui nikusalimu vipi. Shikamoo inataka mtu wa kuitikia marahaba, na wewe hukuacha hata kaburi la kusimama mbele yake. Basi ipokee huko huko uliko.

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya tairi nyuma ya duka la tajiri, hapa Kivinje. Ile Landrova yako, uliyokuwa ukimwendeshea tajiri, inatengenezwa. Tangu maji yalipokuchukua, hakuna aliyetaka kuigusa. Iliegeshwa ukutani, ikafunikwa turubai, kuku wakahamia ndani. Sasa Imtiazi, mtoto wa tajiri, amerudi na mkewe kutoka ng'ambo, na wanataka kwenda nayo kwa barabara mpaka Ethiopia. Tajiri aliniuliza mimi kwanza. Akasema nikikataa ataelewa. Sikukataa. Nimechoka, kaka, lakini mikono hii ndiyo inayonilisha ugenini.

Nilianzia chini, kwenye springi. Unaijua chumvi ya hapa inavyokula chuma. Magari mengine bolti tunazikata kwa msumeno, huku tunatukana. Zako zilitoka taratibu, na grisi yako bado iko kwenye meno. Nilizungusha spana na nikahisi kama upo upande wa pili unasaidia.

Unakumbuka nilivyokuwa nikizilazimisha? Tulikuwa tumetoka Kondoa karibuni, mimi nikiwa nimeishia darasa la tano na nikidhani nguvu ndiyo ufundi. Uliniondoa pale, ukaishika bolti kwa vidole, ukaizungusha kinyume, polepole, mpaka ikasema tk. Ndipo ukaikaza.

"Piga hodi kwanza, Juma," uliniambia. "Ikikujibu ndiyo uingie."

Fundi Mchopa, aliyekuwa akifanya kazi kando yetu, alicheka mpaka akakaa chini. Akasema watu wa Kondoa wana adabu mpaka kwa vyuma, na siku bolti itakapomwambia karibu atahama Kivinje. Lakini naye siku hizi anazungusha kinyume kwanza. Nimemwona.

Mimi huwa naisema kabisa, hodi, kwa mdomo. Na hapo ndipo taabu ilipoanza. Juzi mchana nilikuwa ndani ya gari nakaza kiti cha dereva, nikasema hodi kama kawaida, na Mchopa nje akaangusha chupa ya chai. Alikuja mlangoni, akanitazama sana.

"Ukiwa ndani ya hilo gari usiongee," akasema. "Ongea ukitoka."

Hakuwa anatania. Sauti yangu ni yako, kaka. Nyumbani mama hakuwahi kututofautisha nyuma ya mlango. Tukipiga hodi anauliza, "Hamisi au Juma?" na wewe ukichelewa unajibu Juma, matusi yanakuwa yangu.

Chini ya kiti nilikuta chungwa. Limekauka, jeusi, jepesi kama ganda la yai, na ukilitikisa mbegu zinalia. Ni la ile shehena ya machungwa ya Kipatimu uliyotumwa na tajiri kuileta msimu wa mvua. Ulifika bondeni ukakuta mto umejaa. Ulishuka kupima maji kwa miguu kabla ya kupitisha gari, kama ulivyofanya siku zote. Watu waliofika baadaye walikuta injini inanguruma, mlango wazi, na kandambili zako zimepangwa kwenye kikanyagio cha kupandia, kama umeingia nyumba ya mtu. Walikutafuta mpaka baharini.

Nimeongeza tangi la pili la dizeli. Nimebadilisha beringi na mipira ya breki, matundu ya radieta nimeyaziba. Bomba la hewa nimelipandisha mpaka juu ya paa, ili gari likiingia mtoni injini isinywe maji. Sasa gari lako linaweza kuvuka.

Mama hajakubali. Ulisaliwa, matanga yalikaliwa, lakini kila nikipiga simu ananiuliza tumekuzika wapi, na mimi sina pa kumwonyesha. Dada anasema mtu yeyote akibisha hodi, hata muuza chumvi, mama anaitika kutoka ndani, "Karibu, Hamisi." Halafu anaona ni mwingine, anamtafutia kigoda.

Ndiyo maana sijarudi. Nimesingizia msimu wa korosho, nimesingizia kazi, nimesingizia mvua. Ukweli ni kwamba naogopa ule mlango. Wengine wakipiga hodi anakosea jina tu. Mimi nikipiga, atakusikia wewe. Atainuka, na magoti yale, aje mbio, anikute mimi.

Jana Imtiazi alikuja kuangalia keria, akaniuliza kama mimi si mtu wa Kondoa. Nikamwambia ndiyo. Akasema njia yao inapita pale pale, na gari zee linahitaji fundi ndani angalau mpaka lizoee safari. Mchopa akajibu kwa niaba yangu, kutoka chini ya gari lingine, bila kutoa kichwa. "Mchukue. Mama yake amezeeka kusubiri."

Nilitaka kumtukana. Nikanawa mikono, nikaenda kufunga nguo zangu.

Tunaondoka baada ya swala ya Ijumaa. Chungwa nimelirudisha chini ya kiti. Imtiazi ndiye atakayeendesha, mimi nitakaa nyuma na mizigo, kimya kama alivyoagiza Mchopa. Nilifikiri nikifika nitamtuma mtoto wa jirani atangulie kusema ni mimi, au nisimame uani nikohoe. Nimeacha. Nyumba ya mama haiingiwi hivyo, na uliyenifundisha ni wewe.

Nitapiga hodi. Akiitika jina lako, sitamsahihisha. Nitasogea kidogo pembeni ya mlango, upite wewe kwanza. Mimi nitaingia baadaye, nimwambie mwenyewe kwamba huna kaburi.

Mdogo wako, mwenye sauti yako,
Juma