Kila Mtu kwa Jina Lake

Kakamega,
Novemba 1998

Mama mpendwa,

Bwana asifiwe. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Kitale, na dada Alice anapata nguvu baada ya kujifungua. Mimi sijambo. Nimekonda kidogo, lakini usianze kulaumu mapishi ya hapa. Kuku wa ingokho nimekula mpaka nikaona haya.

Unajua kampuni yetu ya Nairobi ilinituma kutengeneza kompyuta za ushirika wa wakulima wa miwa, pale pale anapofanya kazi kaka Chrispinus. Taabu ilikuwa hivi. Asubuhi mtu akiandika jina na neno lake la siri, kompyuta ilimwacha akingoja mpaka chai ipoe. Haikuwa mbovu. Haikumjua mtu, basi. Kila jina lilipitia waya wa simu hadi Nairobi kuulizwa kama ni la hapa, ndipo jibu lirudi. Hebu fikiria uende Nairobi kuomba ruhusa ya kuingia jikoni kwako.

Wenyewe walikuwa wamebuni dawa yao. Kuna msichana, Jelagat, anayefika kabla ya wote, simu zikiwa bado hazina msongamano. Yeye alifungua kompyuta zote kwa jina lake, wenzake wakija wanakaa tu na kuanza kazi. Walimshukuru sana. Hakuna aliyefikiri kwamba kila kosa la ofisi nzima lingeandikwa Jelagat.

Na makosa yakaja. Wakulima wa Matete walilalamika kwamba kilo za miwa yao zimepunguzwa, tarakimu ya nane imegeuka tatu. Meneja, Bwana Wandera, alitazama akaona jina la Jelagat, akamwambia ajieleze kabla ya mwisho wa mwezi au aende kwao. Msichana alirudi mezani kwake akaendelea na kazi. Nilikasirika, Mama, maana hata mtoto angeona anaonewa. Nikamwomba Bwana Wandera asubiri nimalize kazi, kila mtu aingie kwa jina lake, ndipo tutajua. Nilijiona mwerevu kweli.

Nikaleta mashine ya kukaa hapa hapa, yenye majina yote ya ofisi. Mwanzoni hakuna kilichobadilika, hata Bwana Wandera akanicheka. Kumbe zile kompyuta za ofisi zilikuwa zimezoea Nairobi, zinamruka jirani na kwenda kuuliza mbali. Nikazipitia moja moja, nikazielekeza ziulize nyumbani kwanza. Sasa kabla hujavuta kiti umeshaingia.

Wiki hiyo hiyo nane ikageuka tatu tena. Bwana Wandera akaniita nimsomee jina la aliyeiandika mbele ya watu wote. Nikasoma. Lilikuwa la Chrispinus.

Mama, kaka haoni vizuri. Tulipotoka nje aliniambia kwamba tarakimu za karatasi za mizani anaziona kama kupitia moshi, na ni muda mrefu sasa. Alificha kwa kuhofia kazi na watoto. Jelagat alijua. Makosa aliyoyaona alimsahihishia, na yaliyompita alikubali kuyabeba, kwa kuwa Chrispinus ndiye aliyemfundisha kazi alipokuja mgeni. Mficha maradhi kilio humfichua, lakini kilio chenyewe kimekuwa mimi, ndugu yake wa tumbo moja. Nililia, sikufichi.

Bwana Wandera ni mtu wa utu. Alimwomba Jelagat radhi mbele ya wote. Naye Chrispinus amehamishiwa mizanini asikilize malalamiko ya wakulima mpaka atibiwe. Daktari anasema ni mtoto wa jicho, na hutolewa kwa upasuaji. Lakini kaka anaogopa kisu, na mimi hanisikilizi tena.

Kwa hiyo nakusihi urudi useme naye ana kwa ana. Usimwandikie, Mama. Barua zako zote, hata zile za mambo ya ndani ya nyumba yetu, Jelagat ndiye humsomea.

Nibusie mtoto wa Alice, na umwambie mjomba anakuja Krismasi. Mungu akulinde njiani.

Ni mimi mwanao,
Patroba