Dada Zuhura, Nimeweka Kikomo

Dada Zuhura,

Tangu tukuzike kwenu Kinole sijakuandikia hata mstari. Nilijua nikianza itabidi nikuambie hili: nimeweka kikomo. Kile kile ulichokuwa ukinikatalia.

Miaka yote ulizitunza zile kompyuta thelathini za klasta ya chuo, zilizounganishwa zifanye kazi kama moja, na hukuwahi kumpangia mtu kiasi cha kutumia. Mtu akijaza foleni kwa kazi zake, wengine wakakwama, ulijifunika kanga mabegani kwa baridi ya kile chumba cha mashine, ukachukua simu ya ofisi. "Daktari, shikamoo. Kuna watoto wanaomba njia." Basi. Hujamaliza chai yako ya mdalasini, njia imepatikana.

Mwezi ule kabla hujalazwa nilikuambia hiyo ni kazi ya programu inayopanga foleni, siyo ya kubembelezana. Nilisema kwa ukali, Dada. Ulinitazama tu. "Programu itamzuia mtu, Idrisa. Haitamwuliza ana haraka ya nini." Nikatoka bila kukujibu. Nisamehe. Nilidhani tuna muda.

Ulipoondoka nikaachiwa kiti chako na simu yako ile ya ofisi. Nikaamua kufuata ulivyofanya. Haikuchukua mwezi, Daktari Mbwana, yule wa misitu, akatuma mamia ya kazi kwa mkupuo, mashine zote zikawa zake. Nyuma yake alikwama Neema, mwanafunzi anayetafuta ni miteremko ipi ya Uluguru inaweza kuporomoka mvua zikizidi. Alibakiwa na siku tano kukabidhi tasnifu. Nikampigia Daktari. Hakupokea. Kesho yake nikapiga mara nne. Kimya. Neema alikaa kwenye benchi nje ya mlango wangu, amekumbatia kompyuta yake.

Nikaona Daktari ananidharau. Nikasema moyoni, huyu alikuwa anamheshimu Zuhura, mimi si kitu kwake. Nikakaa nikaweka kikomo: hakuna mtu atakayeshika zaidi ya robo ya mashine kwa wakati mmoja. Kazi za Daktari zilizokwishaanza sikuzikata, ila kila iliyokwisha, nafasi yake ilikwenda kwa mwingine mpaka akabaki na robo yake. Mchana ule kazi ya Neema ikaanza.

Siku ya pili Daktari alikuja mwenyewe. Alisimama mbele ya meza, akasema taratibu, "Zuhura asingenifanyia hivi."

Neno hilo lilinichoma. Nikamwambia nimempigia siku mbili hapokei. Akatoa simu yake mfukoni, akanionyesha. Jina lako, Dada. Mara tano, kwa maandishi mekundu.

"Kila ikiita naona Zuhura," alisema. "Nilishindwa kupokea."

Watu wote wameihifadhi namba ile kwa jina lako. Mimi niliyekuwa nayo mkononi sikulifikiria hilo hata mara moja. Nililia mbele yake kama mtoto, naye akavua miwani, akawa anaifuta, anaifuta. Tulipotulia nikamwuliza zile kazi zote ni za nini. Akasema hazikuwa na haraka yoyote. Tangu msiba, akikaa bure anakukumbuka, ndiyo maana amekuwa akijitwisha kazi.

Neema alikabidhi tasnifu yake siku ya mwisho. Daktari hakuniomba niondoe kikomo, nami sikukiondoa. Hapo hatukubaliani, Dada, na ninatamani sana uwepo unipinge. Siku hizi hakuna wa kunipinga. Natumia namba yangu, na kila kikomo kinapomzuia mtu natembea hadi ofisini kwake nikamsikilize. Wengine wananikaribisha. Wengine wanasema tu, umekonda.

Kuna jambo moja halijaisha. Siku ya maziko mama yako alinishika mkono, akaniuliza mwanawe alikuwa anafanya kazi gani hasa katika chumba cha baridi. Niliondoka bila kumweleza. Jumamosi hii napanda Kinole. Nakuahidi nitakaa naye jikoni siku nzima ikibidi, nimweleze mpaka aelewe.

Lala salama, Dada yangu.

Mdogo wako,
Idrisa