Kiboksi cha Babu Yako Kiligoma Kuwaka

Kibaoni, Ifakara
Tarehe 8 Juni 2025

Mpendwa mume wangu Octavian,

Una miguu wewe, au umemwazima mtu huko Tanga? Masika mbili zimepita hujakanyaga hapa. Mpunga umepandwa, umevunwa, umeliwa, umepandwa tena, na mimi mume wangu namwona kwenye simu tu, tena nusu ya kichwa. Mabasi yanaingia Ifakara kila siku, yanashusha watu ambao sina shida nao. Wewe humo.

Haya, nimekwisha kufoka, sasa nakusalimu. Hujambo? Kile kifua chako kinasemaje? Unakula ukashiba, au bado ni zile chipsi za kwenye mfuko? Mimi ni mzima. Goti linanisumbua asubuhi, likipata jua linatulia. Mavuno hayakuwa mabaya. Anayeandika ni shangazi yako Dorotea, maana shule mimi niliiona kwa nje tu. Nimemwapisha asinilainishie neno hata moja.

Sasa tuje kwenye kile kiboksi chako, hicho unachokiita seva.

Ulipokileta baada ya arobaini ya babu yako uliniambia, “Bibi, sauti zote za babu na picha za ukoo ziko humu. Zitakaa hapa nyumbani, na mimi nitazisikiliza nikiwa Tanga.” Simu uliyomrekodia ilishaibiwa stendi. Kwa hiyo humo ndimo alimobaki Nickolaus wangu, hakuna kwingine. Nikakubali. Nikakitengea meza nzuri sebuleni, karibu na runinga.

Lakini wivu ulianza siku hiyohiyo, sikufichi. Mimi ndiye mke wako wa kwanza, nimekuita mume wangu kabla hujaota meno. Akaja Agnetha na pete yake, nikasogea. Sasa ukaniletea wa tatu, ana waya na taa, na huyo ndiye uliyemkalisha sebuleni kwangu!

Umeme ukakatika siku ya mvua kubwa. Umeme uliporudi, kila kitu kiliwaka, kiboksi kikagoma. Taa nyekundu tu, inakonyeza. Kabla ya hapo ulikuwa unapiga simu mwezi ukiandama. Kiboksi kilipougua ulipiga kabla ya chai, ukapiga mchana, ukapiga niko bafuni. “Shikamoo Bibi, taa ina rangi gani?” Shikamoo haijatua, taa imeshaingia! Hata marahaba yangu hukuisubiri. Goti langu hujawahi kuliuliza rangi.

Shangazi yako alifanya yote uliyoagiza. Alichomoa waya, akasubiri, akachomeka. Alibonyeza kitufe akakishikilia mpaka kidole kikamfa ganzi. Alitoa diski moja akajaribu na iliyobaki, akairudisha, akatoa ya pili. Kinaguna kidogo kama mtu anayetaka kukohoa, kisha kimya. Nikamwambia Dorotea, mwanamke huyu anadeka, anajua mume yuko kwenye simu.

Tukamwita Masanja, yule fundi wa simu na redio. Akapima chaja na kile kidude chake, akasema umeme unafika vizuri. Akatikisa kichwa. “Bibi, bodi imekufa hii. Nipe nikaifungulie bandani kwangu.”

Nikamwambia, “Wewe Masanja ulinitangazia kifo cha redio yangu, nikaipiga kofi ikasoma taarifa ya habari. Leo unazika tena?”

“Basi nipe kwa siku chache tu.”

“Nickolaus alitoka mlango huu amebebwa. Hatoki mara ya pili amefungwa kwenye rambo.”

Alicheka, akanywa chai, akaenda zake. Mimi sikucheka. Jumapili tukitoka kanisani nilizoea Dorotea anifungulie sauti ya mzee kwenye simu yake, inayoichukua kutoka kwenye kiboksi. Jumapili ile tulirudi tukakaa tunatazamana. Wivu ni wivu, mume wangu, lakini nyumba ilikuwa tupu mno.

Ndipo alipopiga Agnetha. Unajua simpendi unavyompenda wewe, na barua hii msomee, sina siri. Alinipa shikamoo akasubiri marahaba. Akauliza goti. Akauliza mpunga, akauliza kama kuku wamepona. Moyoni nikasema, huyu ananitafuta nini? Mwisho akauliza, “Bibi, hicho kiboksi umekifunika?”

“Nimekifunika, ndiyo. Ningekiacha uchi mbele ya wageni?”

Nilimsikia anacheka huko, kwa adabu lakini. Akasema mama yake kule Mahenge hufunika kila kitu, mpaka birika. Akamwambia Dorotea akigeuze kiboksi, afungue mgongoni, aangalie feni.

Tukafungua. Kile kitambaa cheupe nilichokifuma kwa mkono wangu, chenye nyuzi zinazoning'inia pembeni, nyuzi zake zilikuwa zimevutwa ndani na kujisokota kwenye feni. Na juu yake vumbi la pumba kutoka kwa jirani anayekoboa mpunga, limeganda kama ugali wa jana. Agnetha akasema feni isipozunguka, mashine hiyo inakataa kuwaka ili isijiunguze.

Kwa habari ya kitambaa, usingoje nikuombe radhi. Kitu kikikaa sebuleni kwangu kinavishwa. Runinga imevaa, redio imevaa, kochi limevaa. Wewe ndiye ulipaswa kuniambia kwamba hiki kinapumulia mgongoni.

Dorotea alikata nyuzi kwa wembe, akasugua vumbi kwa mswaki mpya. Akachomeka. Feni ikajikongoja, ikazunguka. Taa nyekundu ikakonyeza, ikakonyeza, ikawa kijani. Nilipiga vigelegele mpaka jirani akazima mashine yake akaja kuuliza nani ameolewa. Kisha nikakumbuka ni nani aliyekiponya kiboksi, vigelegele vikaniishia mdomoni. Na yeye ana akili! Hilo lilinichoma.

Tukakaa kumsikiliza babu yako mpaka jua likazama. Anaeleza kwa Kindamba namna ya kusuka mgono na mahali pa kuutega upate kambale. Vizuri kabisa, humo hakudanganya. Halafu akafika kwenye mafuriko, mwaka ule maji yalipochukua kibanda chetu cha shambani upande wa Malinyi. Anasema yeye ndiye aliyeupeleka mtumbwi mpaka nchi kavu.

Mwongo! Namwambia hata kama yuko mbinguni. Nickolaus alikuwa na homa, amelala ndani ya mtumbwi anatetemeka kama kifaranga. Aliyeshika upondo ni mimi, baba yako nimembeba mgongoni, maji yanaingia miguuni, na kiboko yuko mbele yetu anapumua. Hayo humo hayamo.

Nikamwambia Dorotea anitafute mimi nilipo. Alitafuta mpaka akachoka. Niko mahali pamoja tu. Babu yako anaongea, na kwa mbali inasikika sauti yangu, “Chai inapoa jamani!” Kisha sauti yako, “Bibi, hebu nyamaza kidogo, narekodi.”

Na mimi nikanyamaza. Unanisikia kabisa nilivyonyamaza.

Kwa hiyo si taa inayonitia wivu, wala si Agnetha. Namwonea wivu marehemu. Yeye amekufa, mmebaki naye anawafundisha kusuka mgono. Mimi nikifa mtabaki na “Chai inapoa.” Wajukuu wa mwanao Elineema watauliza bibi yao alikuwa mtu wa namna gani, mtawaambia alikuwa mpika chai.

Msalimie Agnetha. Mwambie ahsante sana, lakini asinizoee. Mbusu mwanetu Elineema kwenye mashavu yote mawili. Shangazi yako anakusalimu na anasema mkono umemchoka. Masanja naye anakusalimu, na bado anabisha kwamba bodi ilikuwa imekufa. Mungu akufunike kwa mkono wake, akulinde kazini na njiani, hasa njiani, maana njia hiyo ninakutaka uishike upesi.

Ukija, usikimbilie sebuleni kukagua taa. Pita uani moja kwa moja, nitakuwa napepeta mchele. Vua viatu, kaa chini mkekani, washa hicho cha kurekodia. Niulize habari ya mafuriko. Kisha unyamaze wewe.

Ni mimi mkeo wa kwanza, nikupendaye kuliko hao wengine wote,
Bibi Oliva