Ndugu wa Vunjajungu

Somanda, Jumanne

Na bado wanabisha! Nimewaambia kidato cha pili kwamba vunjajungu si jamii ya panzi, hata kama wanafanana. Ndugu zake wa karibu ni mende na mchwa.

"Kwa hiyo, mwalimu, kufanana siyo undugu?" Milembe akauliza.

Nikamjibu, "Siyo." Kisha nikageukia ubao, nikafuta hata pasipoandikwa kitu.

Tulipomaliza kumzika mama wa binti yangu Neema, mtoto alichukuliwa na babu yake mzaa mama kwenda Shishiyu. Nilikuwa sijatoa ng'ombe wa mahari, kwa hiyo mtoto ni wa ukoo wao. Mzee hakunitukana. Alipokuwa anampakia kwenye bodaboda alitutazama wote wawili, akasema kwa upole, "Kweli, mwalimu, mmefanana sana."