Waliandika Kwamba Sikio Langu ni Uzee

Mikindani, Changamwe
Jumapili, baada ya ibada

Dada Mghoi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa, goti limetulia, na Mama amekula na kumeza dawa zake za presha bila kugombana na mtu. Mvua imefika huko milimani? Mahindi ya shamba la chini yamesimama, au ngedere wameyamaliza tena? Sisi huku ni wazima. Mke wangu Kadzo bado anashona sare za shule, na watoto wanasoma. Mimi pia mwili haujambo, lakini nina hasira, Dada, na sitaki kukuficha. Nimekuficha mambo miaka mingi, ndiyo sababu leo naandika kwa mkono kama watu wa zamani.

Ulimwambia Kadzo kwamba nimeingiwa na maringo. Kwamba ukipiga simu nampa yeye, na siku nikiishika mwenyewe najibu "ndiyo, ndiyo" kisha nakata. Dada, sikuwa nasikia. Sikio la kushoto limekufa kabisa, na la kulia linapata sauti kama ya mtu anayesemea ndani ya pipa. Siku uliyonipigia kunipa habari za msiba wa shangazi, nilikujibu "haya, vizuri sana." Kadzo ndiye aliyenieleza baadaye ulikuwa umesema nini. Nilikaa kitandani nikalia. Naomba unisamehe, na umweleze Mama.

Sasa nikwambie ilivyokuwa. Nilipokuwa jeshini, ng'ambo ya mpaka, gari letu lilikanyaga bomu lililofukiwa barabarani. Mimi nikawaambia nyumbani kwamba tulipata ajali ndogo. Haikuwa ndogo. Wenzetu wawili waliokaa mbele walikufa palepale. Mimi nilirushwa nje, nikazinduka nina mchanga mdomoni na damu inanichuruzika sikioni, na watu wananiinamia, midomo yao inakwenda lakini sauti hakuna. Nililazwa siku nne katika hema la matibabu. Muuguzi aliandika karatasi zake, akanipa vidonge, akanionyesha kwa ishara kwamba nitapona. Nikarudi kazini, maana sikutaka kuitwa goigoi. Sikio halikupona. Lilibaki na mlio kama wa nyenje, usiokoma, na hata nilipostaafu nilitoka nao.

Nilipata kazi Kipevu, katika yadi ya makontena, ya kuongoza malori yanaporudi nyuma. Unajua mwenyewe kazi hiyo inataka nini. Siku moja lori lilirudi nyuma upande wangu wa kushoto, likipiga king'ora chake, dereva akipiga kelele, watu wote wakipiga kelele, na mimi nimesimama naandika namba ya kontena. Mwenzangu alinivuta kwa kola ya shati. Tairi lilipita pale mguu wangu ulipokuwa. Msimamizi hakunigombeza. Alinitazama tu, akasema polepole ili nimwone mdomo: "Mwakio, wewe husikii, sivyo?" Wiki iliyofuata sikuwa na kazi.

Ndipo Kadzo akanisukuma niombe malipo ya ulemavu, yale wanayolipwa wanajeshi walioumia kazini. Nilijaza fomu. Nikaitwa mbele ya bodi ya madaktari. Dada, hapa ndipo hasira yangu inapoanzia.

Walikuwa watatu mezani. Aliyeuliza maswali alikuwa ameinamisha kichwa, anaandika, sauti anaitoa chini ya masharubu. Mimi nasoma midomo, na mdomo wake siuoni. Nikabahatisha. Aliuliza sijui nini, nikajibu nilijiunga mwaka gani. Akauliza tena, nikamtajia kituo nilichostaafia. Yule wa pembeni akacheka. Mwenye kuandika akainua uso mara moja tu, akasema, "Mbona unajibu maswali ambayo hujaulizwa?" Mtu amekuja kusema hasikii, na wewe unamshangaa kwa kuwa hasikii! Hawakunipima. Hakuna aliyechungulia sikio langu hata kwa tochi ya simu. Chai iliyokuwa mbele yao ilikuwa bado inatoa moshi nilipoambiwa nitoke.

Barua ikaja. Nimeisoma mpaka nimeihifadhi: "Upungufu wa kusikia unatokana na umri na hauhusiani na utumishi." Uzee! Dada, wewe umenitangulia miaka tisa na unasikia kuku akitaga nyumba ya jirani. Nina miaka arobaini na mitatu, halafu mtu ambaye hakuniinulia uso ananiandikia uzee.

Nilikwenda na barua ile mkononi mpaka kwenye ofisi yao. Karani mmoja, mama wa makamo, alinihurumia. Aliniandikia kwenye karatasi: nina nafasi ya kukata rufaa, lakini nikija mikono mitupu watarudia maneno yaleyale. Nilete maoni ya daktari mwingine, bingwa asiyehusika nao kwa lolote, aliyenipima mwenyewe.

Nikadhani hilo ni jambo jepesi. Daktari wa kwanza alinipima vizuri, akatikisa kichwa kwa masikitiko, lakini nilipomwomba aandike, akarudisha kalamu mfukoni. "Mimi siandiki kitu cha kuwapinga wenzangu," akasema. Nikamuuliza, "Na mimi nikae wapi, Daktari?" Akaniambia nijaribu kwingine. Yaani anajua ukweli, ameuona kwa macho yake, na anauficha ili asikosane na watu wa kunywa naye kahawa.

Kisha akanijia mtu mmoja nje ya ofisi, amevaa suti, mwenye bahasha nyingi. Kumbe anawajua wanajeshi wote wanaotoka pale wameinama. Akaniambia, "Afande, wewe niambie unataka ugonjwa gani. Barua utapata kesho, na muhuri wa daktari." Nakuungamia, Dada, nilitaka kumpa jina langu. Nilikuwa nimechoka. Nilipomweleza Kadzo, aliacha cherehani, akanigeukia ili nimwone vizuri.

"Uliumia, hukuumia?"

"Niliumia."

"Basi kwa nini ukanunue uwongo wa kitu ambacho ni kweli?"

Yeye ndiye aliyeulizia kanisani mpaka akapata habari za daktari mmoja wa masikio huko Frere Town, mama wa Kiislamu, ana kliniki ghorofani juu ya duka la vitambaa. Watu wanamwita Bi Daktari. Walituambia ni mkali na hapendi porojo.

Ni kweli. Nilipoanza kumsimulia habari za bomu, aliinua mkono. "Baba, hadithi yako nitaisikiliza, inshallah, lakini kwanza nataka karatasi. Faili lako la jeshini liko wapi?" Sikuwa nalo. Akanituma nikaombe nakala yake yote, tangu siku niliyoandikishwa. Ilinichukua wiki sita za kupanga foleni. Leo aliye na ufunguo hayupo, kesho yupo lakini ana mkutano. Yule yule karani mama ndiye mwishowe aliyelitoa kabatini.

Bi Daktari alilisoma mbele yangu na Kadzo, ukurasa kwa ukurasa. Akasimamisha kidole. Akanigeuzia faili. Mwandiko wa yule muuguzi wa hemani, Dada! "Mlipuko. Damu sikio la kushoto. Kiwambo cha sikio kimepasuka. Apelekwe kwa bingwa." Na ukurasa wa nyuma kabisa, kipimo nilichofanyiwa siku ya kujiunga: masikio yote mawili salama.

Sikupelekwa kwa bingwa yeyote. Wala hiyo siyo iliyonichoma zaidi. Lililonichoma ni kwamba faili hilo lilikuwa lao. Lilikuwa katika kabati lao, jengo hilohilo walilokaa wakinywa chai. Hawakulifungua. Nilipiga meza ya watu kwa ngumi. Bi Daktari hakushtuka, alisogeza miwani yake tu isianguke.

Akanipima. Aliniingiza katika kijichumba kisichopitisha sauti, akanivisha vifaa masikioni, nibonyeze kitufe kila nikisikia mlio. Nilikaa humo muda mrefu nikingoja kusikia. Nilipotoka akanichorea: uzee hula masikio yote mawili pamoja, polepole, kwa kiasi kimoja. Langu moja limekufa na lingine limebaki nusu, na kiwambo cha lile la kushoto kina kovu. "Huu si uzee," akasema. Alisema akinitazama usoni. Tangu nianze safari hii yeye ndiye daktari wa kwanza kunitazama usoni.

Lakini hata yeye nilimkasirikia. Nilimwambia aandike na kizunguzungu kinachonishika tangu mlipuko ule, na aandike na mgongo, maana mgongo nao unaniuma mpaka kuinama siwezi. Akafungua faili tena. "Mgongo huu," akasema, "ulimwambia daktari wa siku ya kujiunga kwamba uliuumiza Mwakirunge, ukivunja mawe machimboni kabla hujawa askari. Imeandikwa hapa."

"Lakini jeshini ulizidi!"

"Labda. Karatasi haisemi, na kipimo hakionyeshi. Wallahi siandiki."

Nilimwambia yeye na wale wa bodi ni kitu kimoja. Nikatoka, nikashuka ngazi kwa kishindo, nikamwacha Kadzo juu na aibu yake. Siku ya tatu nilirudi, maana hakuna kwingine kwa kwenda, na nilijua alichosema kuhusu machimbo ni kweli. Hakunikaripia. Aliniambia, "Nikitia neno moja lisilo kweli, watalishika hilo na kuyatupa yote ya kweli. Sikio nitaliandika bila woga. Kizunguzungu nitasema kuna uwezekano mkubwa kwamba kinatokana na mlipuko, na nitaeleza sababu. Mgongo nitasema sioni uhusiano." Aliandika kurasa nne. Kila alichosema alitaja amekitoa ukurasa gani wa faili, akaweka jina lake na sahihi yake.

Siku ya rufaa walikuwa walewale watatu. Yule mwandishi akainama, akaanza kuguna chini ya masharubu. Nilisema kwa sauti, labda nilipiga kelele, mimi sijui tena sauti yangu ina ukubwa gani: "Daktari, naomba uinue uso. Mimi ni kiziwi. Nasoma midomo." Akainua uso. Nikampa kurasa nne, na nakala ya faili lao wenyewe, na pale penye mwandiko wa muuguzi nilikuwa nimeweka alama. Alisoma. Akamwonyesha yule mchekaji, naye hakucheka. Akafika kwenye mgongo, akanitazama, akauliza, tena vizuri, "Huyu ni daktari wako na ameandika mgongo hauhusiki?" Nikamjibu, "Ameandika alichokiona." Walinipeleka siku hiyohiyo nikapimwe.

Jibu limetoka juzi. Sikio wamelikubali. Kizunguzungu kitaangaliwa tena na bingwa wao. Mgongo wameukataa, na sina la kuwalaumu hapo. Nitapata pia kifaa cha sikio la kulia. Kadzo alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka, na mimi nikavisikia kwa mbali. Unafikiri basi hasira imekwisha? Haijaisha. Barua inasema wamebadili uamuzi "kufuatia ushahidi mpya." Mpya! Umekaa kabatini kwao miaka yote hiyo. Hakuna neno la samahani, hata dogo.

Na sikiliza hili. Baraka, aliyekuwa amekaa ubavuni mwangu katika gari lile, anaishi Likoni. Nilimtembelea kumpa habari. Akaingia ndani akatoka na barua yake mwenyewe. Maneno ni yaleyale, nukta kwa nukta: upungufu wa kusikia unatokana na umri. Baraka ana miaka thelathini na sita. Walikuwa na sentensi moja, Dada, wanabadilisha jina tu. Yeye aliipokea, akaikunja, akakaa nayo, akiamini kweli mwili wake umezeeka mapema. Kesho navuka naye kivuko kwenda kudai faili lake, na likishatoka tutakwenda kwa Bi Daktari. Tukiambiwa mwenye ufunguo hayupo, tutakaa mlangoni mpaka aje.

Nisalimie Mama sana, umsomee barua hii polepole, ila pale pa damu uparuke. Msalimie shemeji yangu, mumeo, na mchungaji wetu aliyeniombea nilipoondoka. Wasalimie wajomba wote wawili na majirani wa ng'ambo ya mto. Kadzo anakuamkia, na watoto wanasema shikamoo shangazi.

Na msalimie mpwa wangu, bintiyo Wakesho. Nimesikia amechaguliwa kuingia jeshini na nyumba nzima inafurahi. Simkatazi, nami nilifurahi siku yangu. Ila kabla hajapanda gari, mpeleke hospitali apimwe masikio, macho na mgongo, na kila karatasi atakayopewa, ya siku hiyo na ya siku zote za utumishi wake, apige kopi mbili. Moja akae nayo yeye. Nyingine uifungie wewe katika sanduku lako, Dada, na ufunguo asipewe mtu.

Mdogo wako akupendaye,
Mwakio