Bi Maimuna, Uliyewapa Wanasesere Sura

Mama yetu Maimuna, mwaka umetimia tangu ututoke, na kigoda chako cha barazani hapa Mitwero hakuna aliyethubutu kukikalia. Hata wageni tunawahamisha kwa adabu.

Tunakukumbuka kwa mikono yako. Sufi ilikuja kwa magunia kutoka Rondo, ukaichambua mbegu, ukaishindilia ndani ya kitambaa mpaka kichwa cha mwanasesere kikawa kigumu kama chungwa. Hapo bado hana sura. Ndipo unachukua ile sindano ndefu ya magodoro, unaichoma kisogoni, inatokeza kwenye kona ya jicho, unairudisha kisogoni na kuuvuta uzi taratibu. Jicho linazama, shavu linainuka. Mishono michache tu, na tayari kuna mtu anakutazama.

Ulikuwa mkarimu wa kila kitu isipokuwa sindano ile. Mtu aombe chumvi, mkaa, hata kanga yako ya kutokea, atapewa; lakini sindano, hapana. Na utani wako tunaujua. Kuna dubu wa kitambaa ulimvuta uzi ukazidi, akanuna. Ukakataa kumfumua, ukampa jina la jirani yako, Adija. Bi Adija alikuja juu kweli, kisha akaomba apewe dubu huyo. Yuko kitandani kwake mpaka leo.

Ulipokwenda uliacha kapu la wanasesere wasio na sura. Binti yako Mwahija akaapa hawatabaki hivyo, maana alijua akishindwa yeye, kazi hii imekwisha nyumbani kwetu. Akashona. Kila mmoja akatoka na uso wa msibani. Akafumua, akashona tena, macho yakadidimia kama ya mgonjwa. Watoto waliwapokea kwa heshima, kisha wakawalaza kifudifudi. Ilimuuma sana, Mama. Akawa hali vizuri wala hasemi, na ukitajwa wewe anainuka anakwenda jikoni.

Mwezi uliopita baba yetu, Mzee Shaaban, alimtazama akishona, akamwambia, "Mwanangu, unashona umeuma meno. Mama yako alikuwa anazungumza nao."

"Akiwaambia nini, Baba?"

"Habari za mchana. Bei ya dagaa. Nilivyomuudhi mimi."

Mwahija akacheka kidogo, akamchukua mwanasesere mwingine kapuni. Mwanzoni aliona haya. Akamwambia leo jua kali. Akamwambia Umi, mwanawe, amehitimu juzuu ya kwanza. Kisha, uzi ukiwa mkononi, tukamsikia akisema polepole, "Mama amekufa, mwenzangu." Tangu tukuzike hakuwahi kulitamka neno hilo. Alilia, na sisi tukalia naye, lakini vidole vyake havikuukaza uzi.

Alipomaliza, Umi alimtazama yule mwanasesere usoni, akamfunga mgongoni kwa kanga, akatoka naye kwenda kucheza.

Unakumbukwa na mumeo Shaaban, wanao Mwahija na Yunusu, mjukuu wako Umi, mdogo wako Saida wa Songo Songo, ndugu zako wote wa Rondo, na jirani yako Bi Adija, ambaye bado anaiulizia sindano. Dua itasomwa nyumbani Mitwero, Ijumaa baada ya swala ya Alasiri.

Mwenyezi Mungu akurehemu, Mama. Hatutakusahau kamwe, na sasa tunaweza kukutaja.